Nyumba Isiyo na Binti

Ndugu yangu Lyudmil ni profesa wa akiolojia kule Sofia, na muda wote aliofundisha amekuwa na neno moja analolitafuna kama mbuzi na jani: watu hudanganya, vitu havidanganyi. Amelisema darasani, amelisema redioni, na alilisema hata mezani kwa mama siku ya Pasaka, huku mama akimwongezea nyama ya kondoo na kuitikia, "Ndiyo, Milko, ndiyo mwanangu," bila kuelewa hata robo.

Mimi ni dada yake mkubwa, naitwa Stamena. Nilifundisha jiografia hapa Kamenovrah mpaka shule ikafungwa kwa kukosa watoto. Nikabaki, maana nilikuwa nimeolewa njia hii hii, nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Lyudmil yeye aliondoka mapema. Ujanani alikuwa mtu wa kuhesabu. Alichimba kile kilima kilicho nyuma ya kanisa, akahesabu vigae na mifupa ya mbuzi mpaka tukamwonea huruma. Halafu akaenda Uholanzi, akarudi akisema kuhesabu ni ujinga, vitu husomwa kama maandishi. Akaenda tena, akarudi akisema hata kusoma ni ujinga, vitu vina maisha yake, vinazaliwa, vinazeeka na kufa, na binadamu ni mpita njia tu. Nikamwambia, "Wewe kila ukitoka safari, vyungu vile vile vinabatizwa upya." Akacheka sana. Wakati huo tulikuwa bado tunacheka pamoja.

Mama alifariki Novemba. Lyudmil alikuja mazishini na koti jeusi zuri, akatupa udongo wake kaburini, na jioni ile ile akarudi mjini kwa sababu alikuwa na mkutano. Sikumlaumu mbele za watu. Nilimlaumu nikiosha vyombo.

Mwezi wa tano akanipigia simu.

"Dada, nina wazo. Nataka kuleta wanafunzi wangu waichunguze nyumba ya mama."

"Waichunguze ina nini? Panya?"

"Waichunguze kama tunavyochunguza nyumba ya miaka elfu sita. Hawataambiwa ni ya nani, wala hawataruhusiwa kumuuliza mtu yeyote kijijini. Watatazama vitu tu, halafu watuambie nani aliishi humo, aliishi vipi, alikufa vipi. Siku ya mwisho tunawafunulia ukweli."

"Na ukweli huo atausema nani?"

"Si wewe? Nitawaambia nyumba ni ya mama yetu, kisha nitakuita usimame, uwaeleze yote. Wewe ndiye uliyekuwepo, dada."

Maneno hayo yaliniingia, siwezi kuficha. Nilimuuguza mama miaka tisa, na hakuna aliyewahi kuniambia neno. Hapa kwetu binti kumuuguza mama yake si habari, ni kama jogoo kuwika. Mwana akileta sanduku la chokoleti, hilo ndilo hutangazwa kuanzia dukani mpaka kanisani. Nilitaka mara moja tu, mbele ya watu, ndugu yangu aseme kwa kinywa chake: dada yangu ndiye aliyemlea mama. Sikutaka shamba wala nyumba. Nilitaka sentensi hiyo.

Kwa hiyo nilikubali masharti yake yote. Karatasi ya msiba iliyobandikwa getini, yenye picha ya mama na majina yetu wafiwa, akaniomba niibandue, maana ingewapa jibu bure. Nikaibandua kwa maji ya moto na kisu cha jikoni. Yeye mwenyewe alikuja siku moja kabla, akatoa ukutani picha zote na vyeti vyenye jina lake, akavifungia kwenye buti ya gari. Halafu akaniambia nitakuwa jirani anayetunza ufunguo.

"Mchezo tu, dada. Wa siku chache."

Mume wangu Nayden alisikia hayo akiwa anachonga mpini wa jembe. Mume wangu haongei sana, lakini safari hii aliongea.

"Ningekuwa wewe nisingekubali. Huyo ndugu yako tangu utoto akigawa karata anajipa yeye kwanza."

"Wivu wako tu," nikamwambia.

"Haya."

Wanafunzi wakaja Juni, wamejazana kwenye basi dogo la chuo. Lyudmil akawapanga uani na kunionyesha kwa mkono.

"Huyu ni Bi Stamena, jirani. Ufunguo uko kwake."

Tangu azaliwe alikuwa hajaniita Bi. Nikajiambia ni mchezo.

"Sasa nisikilizeni," akaendelea. "Humu ndani mna mashahidi wa kweli. Viti, vijiko, sakafu. Nje mna majirani, na jirani ni hatari kuliko moto. Ukimuuliza atakupa hadithi, na ndani ya hadithi hiyo mtu wa maana kuliko wote atakuwa yeye mwenyewe. Samahani, Bi Stamena."

"Bila samahani," nikasema. Wakacheka, nami nikacheka, kwa kuwa nilijua siku ya mwisho itakuwaje.

Walifanya kazi, sitawanyima haki yao. Walivuta kamba vyumba vyote, wakavigawa miraba, wakapima, wakachora, wakapiga picha hadi mikwaruzo ya kabati. Nilifungua mlango asubuhi, nikafunga jioni, na mchana wa joto niliwapelekea bakuli la taratori, mtindi wa baridi na matango. Wawili niliwazoea. Mmoja ni Yavor, kijana mrefu mwenye ndevu na maneno mengi, aliyekuwa anatembea kama profesa wake mpaka kukunja shingo. Mwingine ni Zornitsa, binti mwembamba kutoka mji wa Vidin, asiyesema sana. Huyu nilimpenda. Alikuwa analala kifudifudi sakafuni, shavu kwenye mbao, akitazama mwanga unavyopita juu ya ubao. Mara moja aliinua kichwa akanikuta mlangoni, akafungua mdomo aniulize kitu, kisha akakumbuka sheria akaufunga.

Siku ya kusoma matokeo niliamka mapema nikaoka banitsa, andazi letu la matabaka, tena ya jibini nyingi, si ile ya kubana mkono. Nikavaa gauni la buluu. Mbele ya jiko nilijizoeza nitakavyosema. Niliapa sitalalamika. Ningeanza na vichekesho vya mama, jinsi alivyokuwa anamtukana daktari kwa mashairi, ndipo niingie kwenye mengine polepole.

Walikaa uani chini ya mzabibu, Lyudmil akiwa kiti cha mbele. Mimi nilisimama karibu na mlango wa jikoni, mahali pa jirani. Yavor akaanza.

"Nyumba hii ilikuwa ya mwanamke mjane. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume. Chumba cha juu kimehifadhiwa kama alivyokiacha kijana huyo: kitanda, ndege ya mbao, tufe la dunia, viatu vya mpira. Hakuna dalili ya binti. Hakuna nguo ya msichana, hakuna mwanasesere, hakuna kasha la vitu vya harusi. Nyumba haikuwahi kuwa na binti."

Nilitaka kucheka kwa sauti. Kasha langu lilitoka humo siku ya harusi yangu juu ya trekta, zumari na ngoma mbele, na ndani yake mablanketi niliyofuma mwenyewe, mazulia, mito, mpaka mwanasesere wangu wa matambara. Ndivyo tulivyo: binti akienda nyumba ya tatu anahama na kila kitu chake, mwana akienda upande wa pili wa Ulaya anaacha hata viatu. Ila profesa wao alikuwepo harusini. Alikuwa amekaa juu ya kasha hilo hilo, anakula karanga. Nilimtazama. Alikuwa anaandika, kichwa chini.

"Sasa kabati la sebuleni," Yavor akasema, na sauti yake ikapanda. "Tumekuta mashine ya kahawa, blanketi la umeme, mashine ya kukanda miguu, jiko la kukaangia bila mafuta. Vyote kwenye maboksi, havijaguswa. Mtazamaji wa haraka angesema havikuhitajika. Sisi tunasema kinyume. Hivi ni vitu vilivyoondolewa katika matumizi kwa sababu ya uzito wake, kama dhahabu wanayozikwa nayo wakuu. Vimepangwa kwa mwaka, mbele yake kumewekwa kitambaa kilichofumwa. Kabati hili ni madhabahu. Mwana huyu alikuwa anakuja mara kwa mara na hakuja mikono mitupu, na mama alimpenda kiasi cha kutothubutu kutumia alicholetewa."

Wenzake wakapiga makofi. Lyudmil alikuwa ameacha kuandika.

Mara kwa mara! Maboksi yale yaliletwa na kijana wa pikipiki wa kampuni ya vifurushi, kijana mwingine kila Krismasi, na mimi ndiye niliyeweka sahihi. Mama alikuwa anaviogopa vile vitufe. Nikimwambia, "Mama, tufungue hili blanketi, una baridi," alisema, "Liache. Atakuja Milko anionyeshe." Akaendelea kutetemeka chini ya blanketi la sufu.

"Kuhusu kifo," Yavor akamalizia, "kilikuwa cha ghafla. Aliishi peke yake, mzima wa afya, mpaka siku ya mwisho. Hakuna dawa, hakuna chombo cha mgonjwa, hakuna harufu wala doa. Kuta zimepakwa chokaa hivi karibuni. Ni nyumba ya mtu mwenye nguvu zake."

Dawa nilizitupa mimi. Godoro nililichoma mimi, nyuma ya banda, na nguo nilizigawa arobaini ilipofika. Chokaa niliipaka kwa mikono hii hii. Watu wanadhani kumuuguza mtu ni kuongeza kitu. Si kweli. Kumuuguza mtu ni kufuta. Unafuta mate, unafuta sakafu, unafua shuka kabla jirani hajaiona. Chakula unakileta na sufuria yako na jioni unaondoka nayo, maana kesho utaihitaji. Ukiifanya kazi hiyo vizuri, inaonekana kama haikufanywa. Mimi niliifanya vizuri sana, na haya ndiyo malipo.

Zornitsa akainua mkono.

"Mimi sikubaliani na mwenzangu kuhusu kuishi peke yake."

"Tueleze," Lyudmil akasema.

"Kwenye chumba cha chini kulikuwa na kitanda, alama za miguu yake zipo. Upande wa kushoto wa kitanda, mbao zimechimbika. Mashimo mawili ya mbele ni ya kina zaidi kuliko ya nyuma. Mtu alikuwa anakaa pale kwenye kiti, ameinama mbele kuelekea kitandani. Si siku moja, ni miaka. Na ukutani kuna ufito wa kushikia umepigiliwa, kwa urefu wa mtu anayeinuliwa, si wa anayeinuka mwenyewe. Mwanamke huyu alikuwa mgonjwa muda mrefu, na kulikuwa na mwingine."

Niliwaza: Mungu wangu, huyu mtoto ameniona. Miaka yote, kijiji kizima, na aliyeniona ni msichana wa Vidin amelala kifudifudi.

"Mwingine nani?" Lyudmil akauliza, taratibu mno.

"Mfanyakazi," akasema Zornitsa. "Mwanamke wa kulipwa. Ndugu wa damu angeacha kitu chake humu. Kandambili, kikombe, kitana. Mtu anayeondoka na kila kitu chake jioni ni mtu aliyekuja kazini."

Ndugu yangu alitazama mzabibu, akatazama viatu vyake.

"Uchunguzi mzuri," akasema. "Andika hivyo. Huenda kulikuwa na msaidizi wa kulipwa."

Nilijikaza. Bado ni mchezo, nikajiambia, sasa hivi anausimamisha. Na kweli akasimama. Alivua miwani, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Nyumba hii," akasema, "ni ya mama yangu."

Hamkuwepo mkaona. Wasichana waliziba midomo, Yavor akamkumbatia, wengine wakaanza kulia. Lyudmil akaenda kwenye gari akaleta zile picha, akazipanga mezani kando ya banitsa yangu. Milko na medali ya hesabu, Milko jeshini, Milko na shahada, Milko na mkewe kwenye daraja fulani la Uholanzi. Wakazisogelea.

"Zote ni wewe, Profesa!"

"Mwana mmoja! Tulipatia!"

"Mmenisomea mama yangu," akasema, sauti inakatika. "Miezi yote hii nimekuwa nikijiuliza kama nilikuwa mwana mwema. Nyie bila kujua mmenijibu. Mmeniambia nilimpenda, na kwamba yeye alijua. Sina la kuongeza."

Alimaanisha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angekuwa anaigiza ningemsamehe haraka. Walikuwa wamempa mama mpya, mama asiyejikojolea, asiyeuliza kila jioni kama Milko amepiga simu, na yeye alikuwa amemchukua na kumkumbatia, na kwa mama huyo hapakuwa na nafasi ya binti. Nilikuwa nimeshafungua aproni na kuiweka kando, nasubiri kuitwa. Hakuniita.

Zornitsa ndiye aliyeuliza. "Profesa, na yule msaidizi? Nilipatia?"

Lyudmil akanitazama. Naujua mtazamo ule. Ni ule aliokuwa nao utotoni alipovunja taa ya mafuta, na mimi nikachapwa kwa niaba yake.

"Jirani alikuwa akipitapita," akasema.

Nikatoka pale mlangoni nikafika mezani.

"Mimi ni binti yake," nikasema. "Mimi ni dada yake huyu. Pale kwenye kiti nilikuwa nakaa mimi, miaka tisa, na ule ufito aliupigilia mume wangu. Sikulipwa hata senti."

Kisha Yavor akaanza kutabasamu, tabasamu likapanda mpaka machoni.

"Ah, Profesa! Huu ndio mtego wenyewe! Ulituambia tangu siku ya kwanza." Akanigeukia, mwenye adabu zake. "Mama, umeigiza vizuri sana. Mimi kidogo niingie."

Wakacheka wote, kicheko cha kupumua baada ya machozi. Nikamgeukia ndugu yangu.

"Milko. Sema."

Akafuta miwani kwa ncha ya shati. Alifuta kioo kimoja, akafuta cha pili, akarudia cha kwanza.

"Tutalijadili darasani," akasema. "Ni swali zuri la nadharia."

"Mimi ni swali la nadharia?"

"Bi Stamena, tafadhali."

Zornitsa peke yake hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa anazitazama zile mbao. Akanisogelea, akasema kwa upole, "Mama, samahani. Kama wewe ni binti, mbona hakuna picha yako hata moja? Hizi zote ni za mwana tu."

"Picha hutundikwa ya mtu aliye mbali," nikamjibu. "Mimi alikuwa ananiona kila asubuhi. Alikuwa na yangu moja, ya harusi, ilikaa chini ya mto wake."

"Iko wapi?"

"Nilimwekea mikononi, kwenye jeneza. Aliniomba mwenyewe."

Akafikiri. Niliona anataka kuniamini, na niliona pia alivyofundishwa.

"Kwa hiyo haipo," akasema.

"Ipo. Ipo makaburini, mkononi mwa mama."

Akachukua karatasi yake ya matokeo na kuandika pale pale, ameinama juu ya meza, nami nikasoma kila neno kwa kuwa nilikuwa kando yake: *Jirani anadai kuwa binti wa marehemu.* Mbele yake akaweka alama ya kuuliza, ndogo, ya heshima. Kisha akampa profesa aipitie. Ndugu yangu aliisoma taratibu mpaka mwisho, kalamu mkononi, akairudisha kama ilivyo.